Tuta la Abubakary

Tangu mumewe Abubakary afariki, Mwanahawa hakukanyaga tena shamba lao la mpunga kule Salale. Angelikwenda kulima nini? Abubakary alikata mikoko yote iliyokuwapo, akajenga tuta refu kuzuia maji ya chumvi, na kwa misimu michache mpunga ulistawi mpaka majirani wakaona kijicho. Kisha chumvi ikapanda kutoka chini. Mpunga ukaungua ungali mchanga, ardhi ikabaki nyeupe, haioti hata nyasi.

Wageni waliwahi kuja wakapanda miche ya mikoko humo, wakapiga picha, wakaondoka. Miche yote ikakauka. Ndiyo maana Faraja, binti kutoka Kibiti, alipokuja kuwaita wanawake wa kijiji kwenye mafunzo ya mazingira, Mwanahawa aliitikia shikamoo yake na papo hapo akamkatiza.

"Mwanangu, kama ni kupanda, usijichoshe. Ardhi ile imekufa."

"Sikuja kupanda, mama. Nataka kwanza tujue kwa nini miche ilikataa. Nami sijui bado."

Mwanahawa akaguna, lakini akaenda.

Faraja hakuwapa jembe wala mche. Aliwaingiza kwenye mikoko iliyosalia nje ya tuta, akawaambia wachimbe tope kwa mikono, walinuse, waonje maji yake. Tope lilikuwa laini, la baridi, limejaa vishimo vya kaa. Wakavuka tuta, wakafanya vilevile shambani. Huko ardhi ilikuwa ngumu, na maji kidogo waliyoyapata yalikuwa makali mpaka ulimi ukafa ganzi. Kaa hawakumwona hata mmoja.

Mwanahawa akageuka, akalitazama tuta.

"Kule maji yanaingia na kutoka," alisema taratibu. "Huku chumvi imefungiwa ndani kama mwari, na hakuna wa kumtoa."

"Na mbegu za mikoko husafiri na maji," Faraja akaongeza. "Zimekuwa zikifika hapa zinakuta pamefungwa."

Kila mwanamke alijua tuta lile ni la nani.

Habari kwamba tuta litabomolewa zikamfikia Twalha, dada wa marehemu, naye akaja mbio.

"Wifi, utabomoa kazi ya kaka yangu? Alishinda na njaa akilijenga! Nikilitazama tuta lile namwona yeye."

"Hata mimi namwona," Mwanahawa akajibu, machozi yakimlengalenga. "Lakini Abubakary hakulijenga kwa kulipenda, wifi. Alilijenga ili tule. Angekuwa hai, angeshalibomoa mwenyewe."

Twalha akaondoka bila kuaga.

Siku ya bamvua, maji yajaapo kuliko siku zote, wanawake wakakusanyika. Mwanahawa ndiye aliyewaonyesha pa kuchimba, pale palipopita mkondo wa zamani, mahali alipokuwa akitanda kanga kuvua kamba wadogo mara tu alipoolewa. Akasema bismillahi, akainua jembe. Katikati ya tuta jembe likagonga magunia ya mchanga, magunia aliyoyashona yeye. Akasimama kidogo, akaupapasa ule mshono. Kisha akayavuta nje moja moja.

Maji yakapenya, kwanza kama uzi, mara yakavunja kingo na kuingia yakivuma, na povu, na majani makavu, na mbegu ndefu za mikoko zikielea. Mwanahawa akasimama yamemfika magotini, analia huku anacheka.

Kaa ndio waliotangulia kurudi. Mvua za masika zilipokwisha, miche ikaanza kuchomoza kandokando ya mkondo. Si shamba zima, maana upande wa juu ulikuwa bado mweupe, na Faraja aliwaambia wazi kwamba huenda ukachukua miaka. Lakini kila maji yalipokupwa, Mwanahawa alikuwa huko, akisafisha mkondo usizibe.

Asubuhi moja alimwona Twalha amesimama juu ya kipande cha tuta kilichobaki.

"Hii nani kapanda?"

"Hakuna. Imeletwa na maji."

Twalha akavua viatu, akapandisha kanga, akashuka topeni.

"Haya, wifi, nifundishe. Upi mkoko wenyewe, na upi nduguye mchu?"

Mwanahawa akamshika mkono asiteleze, wakainama pamoja kwenye mche wa kwanza.