Saa za Kwake

Kaka alipotoka chumba cha upasuaji bila sauti, kompyuta yake nayo ilikuwa imeshaibwa garini, kwenye maegesho ya hospitali. Nilimlaani mwizi mpaka mlinzi akaniomba ninyamaze.

Kwamba sauti itaondoka pamoja na uvimbe wa koo, tulikuwa tumeambiwa mapema. Ndiyo maana kabla ya kulazwa Kaka alijifungia chumbani akarekodi kila sentensi aliyodhani ataihitaji, ili baadaye abonyeze tu na kompyuta imsemee kwa sauti yake mwenyewe. Nakala ya rekodi zote, pamoja na programu ya kuzicheza, ilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikuwa mkobani mwangu. Nikajipa moyo. Sikujua alichokifanya.

Sote wawili tunaandika programu, ila Kaka huziandika kama mtu anayewindwa. Hakutaka yeyote asikilize rekodi zake, na nywila haziamini. Basi programu yake, ikiwashwa, kwanza inaihoji kompyuta iliyomo: unaitwa nani, mtumiaji wako ni nani, folda yake iko wapi, mfumo wako ni toleo gani, unafuata saa za wapi. Majibu yote inayaunganisha yanakuwa ufunguo. Moja likikosewa, haifungui, wala haisemi ni lipi. Kwa hiyo mwizi alikwenda na ufunguo, akatuachia kufuli.

Nikatafuta kompyuta ya aina ileile, nikaileta nyumbani kwake, nikakaa naye mezani. Bomba la kupumulia lilikuwa bado shingoni. Nilimuuliza swali moja moja, naye akaniandikia majibu kwenye kibao cheupe. Niliiita kompyuta jina lile, nikamfungulia mtumiaji, nikatengeneza folda, nikaweka mfumo wa toleo lile.

"Na saa?"

Akaandika: *Za hapa. Za wapi tena?*

Nikawasha. Maandishi yakatokea: *Hii si kompyuta yangu.*

Hayo maneno aliyaandika yeye, kwa mzaha. Siku zilizofuata yalinitoa machozi. Nilibadilisha herufi kubwa kuwa ndogo, nikajaribu matoleo ya kabla na ya baada. *Hii si kompyuta yangu.* Nilikuwa nikitoka kazini napitiliza kwake, nikiingia namkuta ananitazama mikono kabla ya uso, kama mgonjwa anayetazama kama daktari kashika sindano. Akitaka maji aligonga meza. Mtu aliyekuwa akinichamba tangu utotoni, akiniita Pilipili mbele ya wageni, sasa anagonga meza. Sauti ile isingetoka tena kooni mwake, na mahali pekee ilipobaki ni kwenye kiflashi kisichozidi kidole. Nilishikwa na woga ambao sijawahi kuujua.

Jioni moja nikachoka kuuliza.

"Sikia, Kaka. Labda mtumiaji sivyo, labda saa sivyo, mimi sijui. Nitaandika programu ijaribu majina na saa za miji yote duniani, mmoja baada ya mwingine. Ikipata itaniambia."

Akaweka kiganja juu ya vitufe.

"Toa mkono."

Hakuutoa. Masikio yalikuwa yamemwiva. Nikamtazama vizuri, na hapo ndipo nilipomwelewa huyu mtu.

"Mficha uchi hazai," nikasema. "Unanificha nini, na sauti ni yako?"

Akauondoa mkono. Kisha akavuta kibao akaandika, herufi ndogo sana: *Weka saa za kwake.*

Sikuhitaji kuuliza kwake nani. Mkewe, wifi yangu, alikwenda ng'ambo kufanya kazi, akasema atarudi, mwaka ukapita na mwingine, simu zikapungua mpaka zikakatika. Mimi ndiye niliyesema jina la yule mwanamke lisitajwe nyumba hii. Na miaka yote hiyo Kaka, kila alipoinua macho kutoka kwenye kazi yake, pembeni ya kioo cha kompyuta alikuwa akisoma huko ni saa ngapi. Alikuwa radhi apoteze sauti kuliko mimi nijue. Niliumia, na hasira ikakosa pa kwenda.

Nikabadilisha saa. Nikawasha. Haikusema si kompyuta yake. Ilifungua orodha ndefu: *Naomba maji. Nigeuzie mto. Pilipili, usinipigie kelele.* Nikacheka huku nalia.

Yeye hakubonyeza hiyo. Alishuka na orodha mpaka chini kabisa, akanyoosha mkono kuomba simu yangu. Namba ya yule mwanamke nilikuwa nimeifuta. Yeye aliiandika kwenye kibao bila kusita.

Iliita sana. Nikaiweka spika.

"Haloo?" Sauti nzito ya mtu aliyetolewa usingizini.

Kaka akabonyeza. Sauti yake ikajaa chumba, nzima, ya mtu asiye na bomba shingoni: "Huko kumekucha?"

Nikadhani amekata.

"Bado," akasema. "Baba we, ni wewe?" Akasubiri. "Mbona huongei?"

Kaka alipanda na orodha, akashuka nayo. Maji. Mto. Dawa. Hakuwa amerekodi jibu la swali hilo. Nilifungua mdomo nimsemee, akanikataza kwa macho.

"Upo?" akauliza wifi.

Akaipata. Akabonyeza.

"Nipo."