Viti vya Gari la Pili la Bwana Kashindye

Gari lililetwa kwenye mabanda ya mafundi Buzuruga Jumatatu asubuhi, likiendeshwa polepole kwa sababu lilikuwa chini na barabara ilikuwa na mawe. Lilikuwa Celica ya milango miwili. Lilitumika Japani mpaka Wajapani wakalichoka, likapita Dubai, likashushwa Dar es Salaam na kupandishwa treni, likafika Mwanza na kioo kimoja tu kilichopasuka. Bwana Kashindye alishuka amejishika kiuno. Landkruza yake ya kazi ilikuwa nyuma yake, na dereva ndani.

"Shikamoo mzee," alisema Masalu, fundi wa viti.

"Marahaba. Hili ni la kutembelea tu. Viti vyote nataka ngozi nyeupe. Jumapili nalichukua, nina harusi."

Projest, fundi rangi wa banda la jirani, alilizunguka gari akilikagua kama ng'ombe wa mahari. Yeye alipewa kazi ya kulipaka rangi nyekundu, kulitia vioo vya giza na rimu pana, na kulifungia bawa la nyuma.

"Na springi ukate, lishuke zaidi," alisema Bwana Kashindye.

"Lishuke zaidi ya hapa, mzee, utakuwa unasukuma kokoto."

"Kokoto ni za wanaotembea kwa miguu."

Dereva alicheka, maana ndiyo kazi yake. Wakaondoka na Landkruza.

Huyo Bwana Kashindye alikuwa meneja wa chama cha ushirika cha wakulima wa pamba, ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema. Chama kilikufa, yeye hakufa nacho. Sasa soko lilikuwa limefunguliwa, kila mwenye mzani ananunua, na Bwana Kashindye alikuwa na mizani mingi.

Kabla chama hakijafa, ghala lake liliungua. Ilikuwa Agosti na mzani ulikuwa umeharibika kwa muda mrefu, kwa hiyo magunia ya watu yalipangwa ndani kusubiri zamu. Kwa desturi ya kule, gunia ambalo halijapimwa bado ni la nyumbani kwako, na mwenye nyumba haliachi peke yake. Wanawake walihamia pale na masufuria yao, wakapika nje ya ghala, wakalinda. Mke wa Masalu, Rebeka, alikuwa anasonga ugali moto ulipotokea. Akaacha mwiko ndani ya sufuria akaingia kuokoa magunia yake. Paa likaanguka.

Wakubwa walitoka mkoani, wakasema ni hitilafu ya umeme na pamba yote imeungua. Wakatoa pole, wakanywa soda, wakapanda feri. Masalu aliacha shamba, akavuka ziwa, akajifunza kushona viti vya magari. Kitu kimoja kilimshikilia miaka yote: kwamba Rebeka alikufa akiwa ameshika pamba yao.

Jumanne alianza na kiti cha nyuma. Alipochana kitambaa, mahali pa sponji palikuwa na pamba mbichi, yenye mbegu. Akavuta, ikaja. Akavuta tena. Kufikia adhuhuri lundo lilikuwa limefunika cherehani, na kiti kilikuwa bado kimejaa.

Projest alikuja kuangalia. "Kumbe Wajapani nao wanalima."

"Hii ni ya kwetu," alisema Masalu.

"Basi isogeze huko. Rangi yangu ikiota manyoya, bosi utamweleza wewe."

Odeta, aliyeuza chai na vitumbua pale kwenye mabanda, alikuja kuchukua vikombe vyake. Naye alikuwa mtu wa ng'ambo, kijiji kimoja na Rebeka. Aliinama, akachambua kidogo, akatoa kipande cha gamba kavu la tunda la pamba.

"Hii ya baba," alisema. "Mkono ulikuwa unamtetemeka, alichuma mpaka na magamba."

Hakuna aliyembishia. Kijijini kwao watu walijua pamba ya mtu kama wanavyojua mwendo wake.

"Shemeji, si tuliambiwa iliungua?"

"Iliungua."

"Mbona haina hata moshi?" Akampa anuse. Ilinukia jua.

Habari zilivuka na feri. Kesho yake watu wa ng'ambo walikuwa wamekaa kwenye mkeka mbele ya banda, wanachambua, kila mmoja anatafuta ya kwake. Hawakugombana. Bibi mmoja alisema hii yangu, mwingine akasema na hii yangu, wakafunga kwenye khanga. Mzee mmoja alipata ya mwanawe aliyekwenda mgodini na hakurudi. Akaipakata, akaomba chai.

Askari polisi alipita, akasimama. Akaelezwa.

"Ninyi pamba yenu iliungua," alisema. "Kisheria iliungua. Hii ni nyingine."

"Afande, gamba la baba yangu nalijua," alisema Odeta.

"Mama, sheria haiangalii magamba." Akaomba kidogo ya kujazia mto, wakampa.

Alhamisi Landkruza ilikuja na vijana na magunia matupu. Pamba imetoka kwenye gari la Bwana Kashindye, walisema, kwa hiyo ni mali ya Bwana Kashindye. Wakazoa mkekani, wakazoa hata iliyokuwa imeshafungwa kwenye khanga. Jioni ilikuwa imeshauzwa. Serikali si ilisema soko ni huria?

Masalu aliendelea kuvuta. Ya wengine ilitoka, ya Rebeka haikutoka, na kila ilipokosekana alipumua. Ilikuwa rahisi kuijua. Rebeka alikuwa na tabia ya kuzungusha kila tonge kwenye kidole akiwa anaongea, na aliongea sana, kwa hiyo pamba yake yote ilikuwa imesokotwa ncha kama inayotaka kuwa uzi. Ikiwa haimo humu, basi ilikuwa ghalani, ikaungua naye, na mkono wake ulishika kitu. Ikiwa imo, pamba ilikuwa imeshatolewa ghalani kwa mlango wa nyuma kabla ya moto, na Rebeka alikimbilia makapi.

Kiti cha nyuma kikaisha, na cha abiria kikaisha. Jumamosi kilibaki cha dereva. Masalu alinoa wembe wake, akaunoa tena, akaenda kumsaidia Projest kushika bawa. Gari lilikuwa limeshakuwa jekundu, na tumbo lake lilikaribia kugusa udongo.

Bwana Kashindye alifika mwenyewe. "Bado hicho kimoja?"

"Bado, mzee."

"Chana sasa hivi, nikione."

Masalu alichana. Pamba haikumwagika kama ile nyingine. Ilikuwa kidogo, ya shamba dogo, imejaza kiti na hapo ikakoma. Nyeupe, haina hata jani moja, kila tonge lina ncha iliyosokotwa.

Bwana Kashindye alifunika kitambaa juu yake, akaketi, akajinyoosha, akashika usukani.

"Hii usiitoe," alisema. "Imeshika mgongo vizuri."

"Mzee, hii ni ya mke wangu."

"Yupi?"

"Rebeka. Aliyefia ghalani."

Bwana Kashindye aliondoa mikono kwenye usukani, kama inavyotakiwa. "Pole sana. Na msibani nilikuja, unakumbuka? Nilileta sukari."

"Nakumbuka."

"Basi shona. Uzi uwe mwekundu, ufanane na rangi."

Masalu alishona. Alishona vizuri, kwa sababu kama angeshona vibaya yule mtu angekaa vibaya juu ya Rebeka.

Gari lilipoondoka Odeta alimletea chai.

"Ya Rebeka imeonekana?"

"Imeonekana. Kwa hiyo mle ghalani aliingia kuokoa nini, shemeji?"

"Aliingia kuokoa pamba."

"Haikuwemo."

"Yeye hakujua."

"Mimi sasa najua," alisema Masalu, na chai ikapoa mkononi mwake.

Bwana Kashindye alikwenda harusini Nyegezi na gari lilisifiwa. Baadaye alipewa cheo kingine, cha kusimamia ubora wa zao la pamba kanda nzima. Kila mwaka pamba inapoiva ng'ambo, kiti cha dereva huvimba mpaka kichwa cha Bwana Kashindye kikagusa paa, na hulileta gari Buzuruga. Masalu huchana, hupunguza, hushona. Pamba iliyopunguzwa hupakiwa Landkruza. Bwana Kashindye huketi, hujinyoosha, husema safari hii kimekaa vizuri zaidi.