Aabo Alikuwa Akimjibu Nani

Rukiyo alifika kwenye kituo kidogo cha redio mjini Garissa akitokea Kotile, vumbi la safari lingali kwenye buibui lake, simu ameishika kwa mikono miwili. Hinda, fundi mitambo wa hapo, akampa kiti.

"Abaayo, dada, nisikilizie hii," Rukiyo alisema. "Mgeni aliyekusanya habari za kale aliwarekodi wazazi wangu wakiwa pamoja. Mwezi uliofuata mafuriko ya Tana yakawachukua wote wawili. Lakini Hooyo, mama yangu, hasikiki, ila Aabo peke yake."

Simu ilikuwa na spika moja tu. Sauti ya mzee ikauliza, "Rukiyo akija, tumwambieje?" Ikanyamaza. Kisha ikacheka, kama aliyejibiwa. Katikati hapakuwa na kitu, hata pumzi.

"Nyumbani wanasema Hooyo aliondoka na sauti yake kwa hasira," Rukiyo alisema. "Niliolewa bila radhi yake."

Hinda akaihamishia rekodi kwenye mitambo, akavaa hedifoni. Mara akageuka nyuma. Mwanamke alikuwa akizungumza, si kulia wala kushoto, kama aliye ndani ya fuvu lake.

Ndipo akaelewa. Maikrofoni ya mama ilichomekwa vibaya: wimbi lake likipanda upande wa kulia, linashuka upande wa kushoto. Zikikutana kwenye spika moja, pande hizo zinafutana. Akaugeuza upande mmoja. Kwenye spika moja mama akasikika waziwazi, lakini sasa sauti ya mzee ndiyo iliyojifuta.

"Mrudishe Aabo!" Rukiyo alisema.

Hinda akajaribu kuuchelewesha upande mmoja kidogo. Mama akarudi na sauti nyembamba isiyo na kifua, na ya mzee ikawa na matundu. Ilibidi kila sauti ya upande huo, nene kwa nyembamba, isogezwe robo ya wimbi lake lenyewe, isipungue wala isizidi, ndipo asifutike yeyote. Alipanga vichujio vya sauti tangu adhuhuri hadi adhana ya alasiri. Kisha akabonyeza, na spika moja ikatoa watu wawili.

"Rukiyo akija, tumwambieje?"

"Mwambie yule ngamia niliyemwahidi ni wake bado. Kwani nilisema nimemnyang'anya?"

Mzee akacheka.

Hinda alitarajia machozi, au dua. Rukiyo alikuwa amekauka usoni.

"Miaka miwili hii," alisema polepole, "kila jioni namfungulia Aabo kwenye simu, na akinyamaza namjibu mimi, kama Hooyo. Hapo alipouliza, nilikuwa nikisema: mwambie asije."

Hinda akauliza kama airushe hewani, watu wa Kotile wasikie.

"Irushe."

Rekodi ilipokuwa hewani, ami yake Rukiyo alipiga simu akilia, akimshukuru Mungu. Rukiyo hakuipokea; Hinda ndiye aliyezungumza naye. Kupitia kioo alimwona Rukiyo ameketi barazani karibu na redio. Kila aliponyamaza mzee, midomo ya Rukiyo ilicheza, safari hii ikimfuata mama yake kwa nyuma, neno kwa neno.