Si Ndogo

Majibu ya maabara yalipotoka, Nabalayo alikwenda kuyachukua peke yake. Mumewe, Walubengo, alikuwa nyumbani Silanga akiuguza kidonda, maana alikuwa ametolewa kipande cha pafu chenye uvimbe. Nesi alikuwa mbioni. "Ni non-small cell, mama. Daktari atawaelezea Jumatatu."

Kiingereza cha hospitali hakina huruma. Nabalayo akapitia kituo cha Kawangware 56, kwenye saluni ya dadake Risper, ambaye lugha hiyo haimpigi chenga.

"Small ni ndogo," Risper alisema, kitana mkononi. "Non ni si. Hiyo si ndogo, dada."

Basi ni kubwa. Nabalayo aliketi kwenye kiti cha wateja akalia kimyakimya. Kisha akakumbuka kwamba nyumba ya Walubengo kule Bungoma ilikuwa kuta tupu, na kwao mtu mzima hazikwi kama hana nyumba. Alimpigia shemeji yake Boaz papo hapo: aiezeke upesi, na mlango auweke wa pande mbili, upana wa kutosha. Boaz hakuuliza wa kutosha nini.

Walubengo hakuambiwa kitu. Alichinjiwa kuku, akaandaliwa firigisi, akaachwa achague stesheni ya redio. Kwa mtu aliyezoea kugombezwa kwa kuingiza ndani vumbi la makaa anayouza, haya yalimtia wasiwasi.

"Mama Trizah, mbona unaninenepesha? Kwani nauzwa?"

"Kula," akasema Nabalayo, akaenda kukata vitunguu visivyohitajika.

Jumatatu, Daktari Wayua aliwaeleza taratibu. "Ndogo ni seli zenyewe, vile tunaziona kwa darubini. Cancer ya seli ndogo ndio mbaya zaidi. Inasambaa mbio, mara nyingi hata hatufiki kupasua. Yako sio hiyo. Tena tumeitoa kabla ifike kwa tezi. Watu wengi wa aina yako wanaishi miaka mingi baada ya operesheni. Siwezi kukuapia, inaweza kurudi, ndio maana utakuwa unakuja tukuangalie."

"Kwa hivyo ndogo ndio kubwa?" Nabalayo aliuliza.

"Kwa ubaya, ndio."

Nabalayo alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na mumewe akataka kujua kuna nini. Walipotoka nje Nabalayo akamwambia yote: saluni, mabati, mlango wa kupitisha jeneza. Aliona aibu na furaha kwa pamoja, hata hakujua pa kutazama.

"Mlango wa pande mbili," Walubengo akasema.

"Ndio."

"Ulinipima ukiwa wapi?"

Walubengo akachukua simu yake akampigia ndugu yake.

"Boaz. Huo mlango umeweka kitasa? Weka. Na funguo usipee mtu. Nikipona hiki kidonda, nakuja kuzichukua mwenyewe."