Baba Alipopungua Mbele ya Dubu

Jumamosi asubuhi, kabla lango la bustani ya michezo halijafunguliwa, Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya kibanda cha baluni akimnywesha Dubu maji. Dubu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye magoti mabovu. Akishafungwa zipu mgongoni hakuruhusiwa kuvua kichwa wala kutoa neno mpaka zamu iishe, kwa hiyo Shangazi alipitisha mrija katikati ya yale meno ya plastiki, naye akanyonya.

"Leo jua litawaka," Shangazi alisema.

Dubu akaitikia kwa kichwa, na kwa kuwa kichwa chenyewe kilikuwa kikubwa kama pipa, ikambidi akidake kwa mikono miwili kisije kikageuka kikatazama nyuma.

Pale kazini kila mtu alimwita Shangazi, hata meneja, ambaye alimzidi umri. Kazi yake ilikuwa watoto wanaoogopa. Hawakukosekana. Mtoto huingia akirukaruka, akamwona Dubu, na papo hapo miguu ikaota mizizi. Wengine walilia mpaka wakatapika. Shangazi hakuwaambia wasiogope, maana hajapata kumwona mtu aliyeacha kuogopa kwa kuwa kaambiwa aache. Aliwaketisha mbali, kwenye viti vidogo chini ya turubai, akawapa kiganja cha akiba cha Dubu wakishike, wakinuse, wakipindue ndani nje waone pamba inatokea wapi. Halafu aliwafundisha sheria: ukiinua mkono, Dubu anasimama. Ukiushusha, anakuja hatua moja. Usipotaka aje, haji. Dubu aliitii sheria hiyo kuliko alivyozitii za meneja. Walikuwapo watoto waliomsimamisha juani muda mrefu kwa raha zao tu, naye akasimama.

Watoto hawakumpa Shangazi taabu. Waliompa taabu ni watu wazima wenye simu.

Siku hiyo ilikuja familia moja: baba, mama, bibi mzaa baba, na msichana wa miaka minne waliyemwita Punje. Baba alikuwa mtangazaji wa redio. Ndiye aliyesoma matangazo ya vifo kila jioni, kwa sauti nzito isiyo na haraka, na wako wasikilizaji waliosema kwamba siku yao ikifika wangependa wasomwe na yeye. Mama alikuwa mshonaji, na ukosi wa gauni lake ulikuwa na safu ya pini kama nishani za askari. Bibi alivaa miwani yenye kamba na alikuwa na maoni.

Punje alimwona Dubu akiwa bado mbali. Akasimama. Akarudi kinyumenyume mpaka akaingia ndani ya mikunjo ya gauni la mama yake, akabaki jicho moja tu nje.

"Hebu huyu," Bibi alisema. "Si ndiye usiku kucha alikuwa anaimba Dubu, Dubu?"

Shangazi akaja, akachuchumaa, akampa Punje kiganja cha akiba. Hakusema mengi. Punje alikinusa akasema kinanuka soksi. Shangazi akakubali kwamba ni kweli, ni soksi. Wakaenda kwenye viti. Punje akainua mkono, na kule mbali Dubu akasimama. Akaushusha, Dubu akaja hatua. Akauinua tena haraka, na Dubu akasimama na mguu mmoja hewani, akiyumba, kwa sababu sheria haikusema lolote kuhusu kumalizia hatua. Punje akacheka. Akamwambia akae chini. Dubu akakaa, kwa shida, akishika magoti.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na hapo ndipo mtangazaji alipoishiwa subira.

"Dada, tunashukuru," alimwambia Shangazi kwa ile sauti ya jioni, "lakini tumetoka mbali. Ni picha moja tu. Nikimbembeleza hivi leo, kesho ataogopa kivuli chake."

"Mpe muda kidogo, Baba Punje," Shangazi alisema. "Ameshafika nusu ya njia."

"Samaki mkunje angali mbichi," Bibi alisema.

"Huyu si samaki, Mama," mshonaji alimjibu mkwewe.

Mtangazaji alikwisha kumnyanyua mtoto kwapani. Alivuka naye ule uwanja na kumtua mbele ya Dubu. Mama aliinua simu, si kwa kupenda, lakini aliinua. Punje akainua mkono wake juu kadiri alivyoweza. Dubu, aliyekuwa amekaa, akainuka akasimama kama sheria ilivyosema, lakini mkono ule haukuwa na nguvu juu ya baba yake. Mtangazaji alimsukuma mgongoni mara moja. Punje akapiga yowe. Akamsukuma mara ya pili.

Alipomsukuma mara ya pili, mtangazaji akapungua. Alipungua kama mshumaa, bila kelele, shati likimzidi, mkanda ukishuka, mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya binti yake. Sura ilibaki yake, na masharubu yalibaki. Kilichopungua ni urefu.

Ndipo alipomwona Dubu.

Alikuwa amemwona tangu langoni, lakini kutokea juu, kama mtu anavyoona kabati. Sasa aliona tumbo lenye manyoya lililoziba jua, na juu ya tumbo meno, na juu ya meno macho mawili yasiyopepesa. Mtangazaji akafungua kinywa, na ile sauti ambayo watu wengi walitamani iwasome ikatoka nzima, haikupungua hata kidogo.

"Mama," ikasema. "Mama, ananiangalia."

Akakimbia. Suruali ilibaki pale alipokuwa amesimama, na viatu ndani yake. Alikimbilia gauni la mkewe upande wa kushoto, na huko akakutana na Punje aliyekuwa ameingilia upande wa kulia. Wakatazamana ndani ya kitambaa.

"Nawe umemwona?" Punje akauliza.

"Nimemwona."

Mshonaji alishusha simu. Alimtazama mumewe, akachomoa pini ukosini, akaanza kumpunguzia shati mabegani ili lisimvuke. "Inua mikono," alisema akiwa na pini mdomoni. "Usitingishike nisikuchome."

Meneja alikuja kuona kelele ni ya nini. Aliangalia suruali iliyolala uwanjani, akamwangalia mtangazaji, akasema kitu kimoja tu: mgeni mwenye kimo hicho haruhusiwi kwenye magari ya kugongana, na endapo atapanda treni ndogo, aketi ndani. Kisha akaondoka, kwa kuwa kulikuwa na foleni kwenye bembea.

Bibi hakushangaa. Alikuwa amemwona mwanawe akiwa na kimo hicho kabla hajamwona mrefu. Alichoona ni aibu, mbele za watu.

"Huyu ndivyo alivyokuwa," alimweleza Shangazi, kama anayeeleza ugonjwa wa ukoo. "Alipokuwa na miaka hiyo hiyo, shuleni kwao walimleta mtu wa mironjo, anayetembea juu ya miti, mrefu kama mnazi, uso umepakwa chokaa. Watoto wote wakampa mkono. Huyu akajikojolea. Nilimshika sikio nikamsukuma mpaka miguuni kwa yule mtu. Akapona siku hiyo hiyo."

"Sikupona, Mama," sauti nzito ikasema kutoka kwenye gauni. "Nilinyamaza tu."

Watu waliokuwa karibu wakainamisha vichwa, kwa sababu ilikuwa sauti iliyozoea kuwasomea matangazo ya vifo.

Bibi alikuwa mama wa siku nyingi, na mkono una mazoea yake. Alimtoa mwanawe kwenye gauni kwa sikio lile lile. "Usinitie aibu," alimwambia. "Jitu zima, na masharubu." Akamkokota mpaka mbele ya Dubu, ambaye wakati wote huo alikuwa hajasogea, maana Punje alikuwa bado hajashusha mkono. Akaweka kiganja kwenye mgongo wa mwanawe, akasukuma.

Bibi naye akapungua. Yeye hakuwa na mbali pa kwenda, kwa hiyo ilichukua muda mfupi. Miwani ikaning'inia kwa kamba mpaka magotini.

"Kumbe," alisema alipomtazama Dubu kutoka huko chini. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo mwanawe hakuwahi kuisikia, "Jamani, niondoeni hapa."

Shangazi akaongeza viti viwili. Wakaketi watatu chini ya turubai, Punje katikati, miguu yao yote haigusi ardhi. Mshonaji aliketi nyuma yao kwenye nyasi akiendelea na pini. Sasa alikuwa na nguo mbili za kupunguza. Shangazi alianza kueleza habari ya mkono, lakini Punje akamkatiza.

"Nitawaambia mimi," alisema. "Baba, ukifanya hivi, anasimama. Fanya."

Mtangazaji akainua mkono. Kule mbali Dubu, aliyekuwa hata hajaondoka, akasimama zaidi.

"Sasa shusha."

"Bado."

"Haya, bado," Punje akasema, na hakumharakisha. Alimpa kiganja cha akiba. Mtangazaji akakinusa. Akampa mama yake, naye akakipindua, akaona pamba, akasema mshono wake ni wa hovyo. Mkamwana wake akaitikia kutoka nyuma kwamba hata yeye ameliona hilo.

Walikaa hivyo. Mtangazaji alishusha mkono, akauinua, akaushusha. Dubu alikuja kwa vipande vipande. Alipofika karibu kiasi cha kusikika, alifanya jambo lisiloruhusiwa. Aliinama, akasema kupitia meno: "Mimi mwenyewe humu ndani sioni vizuri. Natazamia hapa mdomoni. Mtoto akiletwa ghafla, nashtuka naye."

"Una joto humo?" Bibi akauliza.

"Sana, Mama."

"Pole."

Meneja alikuwa akipita. Alisikia. Alimwambia Dubu kwamba hilo ni onyo la mwisho, na Dubu akarudi kuwa bubu. Lakini mtangazaji alikuwa ameanza kurefuka. Vidole vya miguu viligusa ardhi, halafu visigino. Pini zikaanza kuchomoka mabegani moja moja na kurukia kwenye nyasi, na mkewe akazikusanya kabla hazijachoma mtu. Alipompungia Dubu mkono kwa hiari yake, alikuwa amefika kifuani kwa mkewe. Alipocheka, alikuwa mzima. Akaenda kuchukua suruali yake.

Bibi hakuogopa tena, na kwa haki alipaswa kurefuka pamoja naye. Lakini kwenye treni ndogo kulikuwa na kibao chenye picha ya twiga, na anayezidi shingo ya twiga hapandi. Bibi alikwisha kukiona. Alijizuia, hakuna ajuaye kwa namna gani, akamshika Punje mkono wakapanda behewa la mbele. Walizunguka bustani mara nyingi. Kila walipopita mbele ya Dubu, Punje aliinua mkono, naye Dubu alisimama, na Bibi akamwangalia mjukuu wake kama anayeangalia mtu mwenye cheo. Waliposhushwa, ndipo aliporefuka, pale pale kwenye ngazi, akailaumu treni kwamba imemuumiza kiuno.

Kabla ya kuondoka, Punje alimsogelea Dubu mwenyewe. Alisimama pale alipotaka kusimama, mbali kidogo kuliko urefu wa mkono. Akamwambia, "Mimi leo sikukumbatii." Dubu akakubali kwa kichwa, akakidaka.

Mtangazaji alikuwa ameyaona yote. Alikuwa amevaa viatu na alisimama wima, na Shangazi, aliyekuwa akimtazama, alidhani kuna jambo limemwingia akilini.

"Umeona, Punje?" alisema. "Hana neno. Umeshafika karibu hivyo. Hebu mkumbatie basi, upesi, mama apige picha tuondoke." Na kiganja chake kikaenda mgongoni kwa mtoto.

"Pini zimekwisha," mkewe alisema.

Kiganja kikabaki hewani. Mtangazaji akakitia mfukoni. Wakaenda zao, na jioni alisoma matangazo ya vifo kama kawaida. Hakuna aliyesikia tofauti.

Habari zilienea, kwa kuwa hazikufichwa. Shangazi alitarajia wazazi watapungua idadi, au watapunguza mikono ya kusukuma. Walizidi. Juma lililofuata walipungua akina baba kadhaa, mjomba mmoja, na mwalimu aliyekuja na darasa zima, ambaye watoto walimkalisha kwenye kiti wakamfundisha kwa zamu bila kumcheka sana. Walikuja, wakasukuma, wakapungua, wakalia, wakatulizwa, wakarefuka, wakashukuru. Hapakuwa na malalamiko. Meneja aliagiza viti zaidi na kioo kifupi, akaweka kapu la mikanda ya kuazima. Ombi la Dubu la kuvua kichwa wakati wa chakula bado alikuwa akilifikiria.

Shangazi alimuuliza baba mmoja, aliyekuwa amepungua mara tatu, kama hajaona sababu ya kumwacha mtoto afike kwa miguu yake.

"Nimeona," yule baba alisema. "Nikiwa mfupi naona kabisa. Nikirefuka sikumbuki ilikuwa nini."

Kisha Jumamosi moja akaja mama mmoja na kijana wake mdogo aliyekuwa ameshikilia nguzo ya lango kwa mikono yote miwili. Mama alimbandua. Alipofika mbele ya Dubu alivua viatu vyake vya visigino, akavipanga pembeni, akakaza fundo la sketi, akampa Shangazi mkoba.

"Nishikie, Dada," alisema. "Sitachelewa."

Na akamsukuma mtoto.