Mgongo wa Kwenye Jalada

Mdogo wangu Isidra aliandika kitabu cha mapenzi ilhali hajawahi kuolewa, na hilo nilimwambia usoni, mezani, tukila. Ndivyo nilivyo. Mdomo wangu hauna breki, na pale sokoni Lumban ninapouza jibini ya maziwa ya nyati, wanajua kwamba anayetaka maneno matamu aende kwa muuza keki.

"Unaandika mapenzi, umeyajulia wapi?" nilimuuliza.

"Na wewe unauza jibini, Dada Meding," akanijibu bila kuinua macho kwenye sahani, "ulishawahi kuwa nyati?"

Jonalyn binti yangu alipaliwa na mchuzi kwa kicheko, nami nikampigapiga mgongoni mpaka akapumua.

Isidra ana miaka arobaini na saba, ni mwalimu wa darasa la tatu, na tunakaa nyumba moja, ile waliyotuachia wazazi. Kitabu chenyewe alikiandika kwenye simu, kidogo kidogo, watoto wakiwa mapumziko. Wachapishaji wa Manila aliowapelekea hawakumjibu hata kumwambia hapana, basi akaamua kujichapishia mwenyewe. Akajifunza mtandaoni kupanga kurasa. Akawaomba wanawake wenzake waandishi, ambao hajawahi kuonana nao uso kwa uso, wamsomee na kumsahihishia. Akatafuta mtu mwenye mashine ya uchapaji Santa Cruz. Mimi nilimpa sharti moja tu, asiliweke jina la ukoo wetu juu ya mambo ya kubusiana. Akajiita Amara del Mar, na shuleni hakumwambia mtu.

Vitabu vilipofika, vilijaa sebuleni hata pa kuweka mguu pakakosekana. Wasomaji walikuwa wameagiza kwa simu kutoka kila upande, naye alikifunga kila kitabu kwenye karatasi laini, akatia peremende ya maziwa ndani, akakibusu, akakiweka pembeni. Jalada nililiona nikipita tu. Mwanamke amevaa gauni la harusi na shela, ametupa mgongo, yuko mbele ya dirisha la magamba ya chaza badala ya vioo. Nikadhani ni picha iliyookotwa mtandaoni. Nilikuwa na yangu kichwani, kwa sababu Jumamosi ya wiki ile Jonalyn alikuwa anaolewa.

Jumatatu asubuhi akaja Bi Pura, mama wa bwana harusi. Alikuja peke yake, hana tabasamu, hana hata kifurushi mkononi, na Bi Pura hajawahi kuingia nyumbani kwangu mikono mitupu. Nikajua kuna jambo. Akafungua pochi akatoa kitabu cha Isidra.

"Mkwe," alisema, na wala hakuketi. "Hiki ni nini?"

"Si kitabu hicho?"

"Kitabu nakiona. Kaletewa Glenda binti yangu jana, anavisoma hivi mpaka chakula kinaungua. Nakuuliza hiki." Kidole chake kikagonga mgongo wa yule mwanamke. "Haya maua nimeyadarizi mimi. Miezi nimeinamia kitambaa hiki mpaka shingo ikakataa kugeuka. Nani kalivaa gauni langu?"

Nikakichukua kitabu nikakisogeza dirishani. Gauni lile la Jonalyn nilikuwa nimeliona mara moja tu, siku Bi Pura alipolileta, tena kwa mbele. Lakini dirisha nililijua. Lilikuwa dirisha la chumba cha Isidra, nyumbani kwangu, na kipande kimoja cha gamba pale juu kimevunjika tangu kimbunga cha mwaka juzi.

Hapa kwetu bibi harusi halijaribu gauni lake kabla ya siku. Hupimwa kwa nguo nyingine, hulitazama, huligusa akitaka, lakini halivai. Akilivaa, harusi haifungwi. Mimi mambo haya siyaamini, ila sijawahi kuthubutu kuyapuuza, na Bi Pura anayaamini kama anavyoamini kwamba jua litachomoza. Anaye binamu aliyejaribu gauni lake Jumanne, na kufika Ijumaa bwana harusi alikuwa hospitali na mguu umening'inizwa. Kisa hicho nimekisikia mara nyingi kuliko mahubiri.

Nikamwita Jonalyn. Akatoka bafuni, nywele zinachuruzika maji.

"Ulilivaa?" nikamwuliza.

"Nilivaa nini?"

"Usinijibu kwa swali, mimi si mwalimu wako. Gauni."

Akakitazama kitabu, akaelewa, rangi ikamtoka. "Mama, sijalivaa. Naapa. Hata mfuko wake sijaufungua."

"Basi limejivaa lenyewe," alisema Bi Pura, "likaenda dirishani kupunga upepo."

"Mama mkwe, kweli tena—"

"Usiniite mama mkwe kwanza."

Jonalyn akakaa kwenye boksi la vitabu akaanza kulia, nami nikazidi kumfokea, kwa sababu nikiogopa huwa nafoka. Na nilikuwa naogopa haswa. Arvin, mchumba wake, ni baharia, na meli ilikuwa inamngoja mwezi wa pili. Mwaka unaofuata ndugu yake angeoa, na ndugu wawili hawaoi mwaka mmoja, hiyo nayo Bi Pura asingeivunja. Harusi ikiahirishwa, wangengoja mpaka ndevu za Arvin ziote mvi. Wapo wachumba waliongojeana hivyo wakaishia kutumiana salamu za Krismasi.

"Nikitoka hapa naenda kwa padri," Bi Pura akasema, akininyang'anya kitabu. "Sina chuki, Mkwe. Binti yako nampenda. Ndiyo maana sitaki kumzika mwanangu."

"Hakuna anayekufa hapa."

"Hata binamu yangu alisema hivyohivyo."

Wakati huo ndipo Isidra alipoingia, karudi kufuata madaftari ya wanafunzi aliyoyasahau, mwavuli mkononi. Cha kwanza alichoona ni kitabu chake mkononi mwa Bi Pura, na kwa kitambo kidogo uso ukamchangamka, maskini, akidhani kapata msomaji. Kisha akatuona sisi wengine. Akamtazama Jonalyn anayelia, akalitazama jalada, akauweka mwavuli chini taratibu.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?" nikamwuliza.

"Niliyelivaa. Na aliyekiandika pia ni mimi, Bi Pura. Amara del Mar ndiye mimi."

Bi Pura alimpima kutoka juu hadi chini, kisha akatikisa kichwa kwa huruma. "Isidra, wewe ni mwalimu, huna haja ya kusema uongo ili umfiche mtoto. Mgongo wa mtu wa umri wetu haukai hivi."

"Asante," akasema Isidra.

"Sikukusifu."

"Najua. Lakini asante."

Nilitaka kumzaba kibao. Mwanangu anakaribia kukosa mume, naye anapokea sifa za mgongo! Nikamwambia aseme yote, haraka, na asipambe kama kwenye vitabu vyake.

Akasema. Binti wa mwalimu mwenzake ndiye aliyekuwa apigwe picha, aje na gauni la kukodi, lakini akaamka na homa, hakuja. Mwenye mashine alikuwa anataka jalada jioni ileile, la sivyo zamu yake ampe mtu mwingine. Gauni la Jonalyn lilikuwa chumbani kwake, kwa sababu dari la chumba changu linavuja. Lilikuwa linaning'inia pale, alisema, linamtazama. Bibi harusi ndiye aliyekatazwa, na yeye si bibi harusi wa mtu yeyote. Basi akaisimamisha simu juu ya kamusi, akaitegesha ipige picha yenyewe, akalivaa.

"Na lilifungika?" Bi Pura akauliza kwa hila. "Nililikata kwa kiuno cha Jonalyn, kiuno cha nyigu."

"Halikufungika. Nilifunga kifungo cha juu tu. Huku chini nilibana kwa vibanio vya nguo, nikaishusha shela ifunike."

"Vibanio?"

"Vya mbao. Niliweka leso katikati, Bi Pura, kitambaa hakikuguswa."

"Maneno hayo," akasema Bi Pura. "Hata mimi naweza kuyatunga."

Isidra akashika mfuko wa nguo yake. Nikaona ana kitu ndani asichotaka kutuonyesha. Kisha akatoa simu mfukoni, akaifungua, akampa, akageuza uso ukutani.

Bi Pura akavaa miwani. Picha ya kwanza ilikuwa ya dari. Ya pili, nusu ya bega. Iliyofuata ilionyesha mgongo wote bila shela, gauni limeachama kama lango la zizi, na vibanio vya mbao vimejipanga kwenye ukingo wake mithili ya ndege kwenye waya. Kisogoni, mvi. Bi Pura akapitisha kidole, akapitisha tena. Mimi na Jonalyn tukachungulia begani kwake. Kwenye picha moja Isidra alikuwa ameinama kuitafuta kobazi.

"Ni wewe," Bi Pura akasema mwishowe.

"Ni mimi."

Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa nguo, muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani. Tulingoja. Harusi nzima, na nguruwe walioagizwa, na wajomba waliokwisha panda basi kutoka Bikol, vilikuwa kwenye kitambaa kile kinachofuta miwani.

"Mama yangu alisema bibi harusi asilivae," akasema. "Kuhusu mama mdogo hakusema kitu."

Nikataka kudaka neno hilo hapohapo, akanizuia kwa mkono.

"Lakini mkosi nao hauitwi ukarudi bure. Utamshika aliyelivaa. Harusi isiyofungwa hapa ni yako, Isidra."

Isidra akageuka kutoka ukutani. "Bi Pura, ya kwangu ilishaacha kufungwa zamani. Mkosi umechelewa, umekuta kazi imekwisha."

Kisha mabega ya Bi Pura yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kikubwa, cha tumboni, mpaka akaketi, mara ya kwanza tangu aingie. Akamvuta Jonalyn, akamkalisha karibu, akamfuta machozi kwa leso yake mwenyewe.

"Niite mama mkwe," akamwambia. "Jumamosi ni Jumamosi."

Nilishusha pumzi, nikaketi sakafuni katikati ya vitabu. Sioni haya kusema. Nilikuwa nimebeba mzigo mzito kwa muda mfupi, na ulipotuliwa mwili haukujua ufanye nini. Nikacheka, nikapiga ishara ya msalaba, nikamtukana Isidra kidogo, nikacheka tena.

Bi Pura alikataa kahawa. Alisema gauni anaondoka nalo, akalipige pasi na kulikagua kama kuna alama za vibanio, na alilikumbatia mpaka mlangoni. Pale akasimama, akakitazama kitabu mkononi.

"Hiki nitamrudishia Glenda nikimaliza. Nimefika pale mwanamume anapopanda meli na msichana hajamwambia. Je, wanaoana?"

"Si usome," Isidra akasema.

"Mimi mtu mzima, nina shinikizo la damu. Niambie."

"Wanaoana."

"Haya," akasema Bi Pura, akatoka ameridhika.

Jonalyn akakimbilia nje kumpigia Arvin. Tukabaki wawili, mimi sakafuni, Isidra akitafuta madaftari yake aliyoyafuata. Simu aliiacha juu ya meza. Nikaichukua, ili nione tena kobazi, nicheke. Kidole kikapita mbele kuliko Bi Pura alivyofika.

Picha ile haikuwa ya mgongo. Alikuwa amegeuka kuangalia kama simu inafanya kazi, nayo haikumngoja, ikampiga picha hivyohivyo. Shela begani, mwanga wa dirisha upande mmoja wa uso, anacheka. Sura ile sikuwa nimeiona tangu tukiwa wasichana, kabla mama hajaugua akawa wa kitandani na mmoja wetu kulazimika kubaki naye. Mimi nilikuwa na mume tayari. Hakuna aliyeuliza nani abaki, ilionekana tu kwamba ni yeye. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumkaripia, ya kutosha mpaka jioni, na yote yakaniruka.

"Ulikaa nalo muda gani?" nikamwuliza.

"Picha zilikwisha upesi."

"Picha sikuuliza."

Akasimama na madaftari kifuani. Nje Jonalyn alikuwa anasema na simu kwa sauti ya juu, anacheka na kulia pamoja.

"Mpaka niliposikia lango," Isidra akasema. "Ulikuwa wewe, unarudi kutoka sokoni."

"Ningejua, ningechelewa," nikamwambia.