Alama za Vema

"Jirani, kwenu kuna msiba?"

Mama wa nyumba ya pili aliuliza hivyo siku alipoona blanketi limetundikwa dirishani saa sita mchana. Mke wa dereva alicheka, akasema mumewe amelala. Hakusema kwamba mumewe alikuwa ameketi kitandani, viganja machoni, maana hata jua la uani lilimchoma kama maji ya kitunguu.

Jirani huyo alifanya zamu ya usiku kiwandani, na basi la wafanyakazi alilopanda ndilo aliloendesha mume.

"Siku hizi tunamwita Bwana Harusi," alisema. "Basi linatembea kama msafara wa harusi. Yamebaki matarumbeta tu."

Mke alijua sababu. Gari likija mbele na zile taa nyeupe za siku hizi, kioo cha basi, kilichojaa mikwaruzo ya waipa, kiliwaka chote na barabara ikapotea.

"Hapo nateremsha macho, nafuata mstari wa pembeni kama mbuzi anavyofuata kamba," mumewe alimwambia. "Mpaka siku kamba ikatike."

Basi jioni moja, kabla ya zamu, alijifunga mtandio, akamwomba Mungu ampe ulimi, akaenda ofisini kwa msimamizi wa magari.

"Karibu, shemeji. Kwema?"

"Kwema, lakini si kwema sana. Taa za usiku zinamshinda mume wangu. Mweke zamu ya mchana, au kioo kibadilishwe. Lile basi limebeba watu."

Msimamizi alitoa faili, akalifungua mbele yake.

"Fomu za ukaguzi hizi, moja kila siku. Kioo cha mbele ni kizima? Vema. Dereva anaona vizuri? Vema. Miezi minane, vema tupu. Na tazama mkono ulivyonyooka! Asiyeona anaandika hivi?"

Mke alizitazama. Kila alama ilikuwa na mkia mrefu uliopinda kidogo nchani, kama alivyokuwa akiweka mwalimu wake wa darasa la tatu. Herufi zilimchezea mumewe, kwa hiyo alizileta fomu nyumbani, na mke alizijaza juu ya mfuniko wa ndoo, kisha akamwambia, Mungu akutangulie. Maana fomu ikiwekwa alama ya kosa hata moja, basi linalala gereji, na dereva analala nalo bila ujira.

"Hizo nimeziweka mimi," alisema.

Msimamizi alifunga faili taratibu.

"Sasa umeniambia mawili, shemeji. Dereva wangu haoni, na dereva wangu anaidanganya kampuni. Nimfukuzie lipi?"

"Andika kioo kibovu."

"Kioo kimo humu. Ni kizima. Wewe ndiwe uliyesema."

Mlango ukafunguliwa. Mumewe aliingia, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, akasimama ghafla.

"Mke wangu, kulikoni?"

"Amekuja kutusalimia," msimamizi alijibu. Akaisukuma fomu ya siku ile juu ya meza, si upande wa dereva. "Haya, shemeji, msaidie. Si umezoea?"

Mke akashika kalamu. Akaweka vema kwenye breki. Akaweka vema kwenye matairi. Kwenye kioo wino ulikwama, akaibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Kikabaki kisanduku cha mwisho: dereva anaona vizuri?

Uani, wafanyakazi wa zamu walikuwa wamekwisha kujaa ndani ya basi. Mtu akaligonga ubavuni kwa kiganja. Ikasikika sauti ya jirani.

"Bwana Harusi! Bibi harusi anazeeka huku!"

Basi zima likacheka.

Kalamu ilikuwa bado hewani. Mumewe hakungoja. Alinyoosha mkono kwenye msumari wa funguo, akaukosa, akapapasa ukuta mpaka akazipata, akatoka kwenda kwenye basi.